Sitaki kwa Mistari Minne

"Nani kavunja?" Bibi aliuliza kutoka chumbani kwake.

"Hakuna aliyevunja, Mama," Mama Suqiu alijibu kwa haraka. "Ni ngurumo."

"Ngurumo? Na jua lote hili?"

"Ngurumo ya mbali, Mama. Lala."

Suqiu alisimama katikati ya jiko, mikono imening'inia, kidevu juu. Miguuni pake lilikuwa limetawanyika lile bakuli kubwa la supu, lenye samaki wa buluu. Halikuponyoka. Alikuwa amelinyanyua hadi usawa wa uso, akalitazama vizuri, kisha akaliachia.

Juu ya jiko, chini ya picha ya Mungu wa Jikoni mwenye ndevu zilizojaa masizi, kadi nyekundu ya posa ilikuwa imeegemezwa ukutani tangu juzi. Ilikuwa na siku na saa aliyozaliwa Fei Jiabao, mtoto wa mwenye duka la karatasi. Kila mtu mjini aliijua desturi: kadi hukaa jikoni siku tatu. Nyumba ikitulia, mbingu zimeridhia. Chombo kikivunjika, watu wakigombana, hata kuku akifa bila sababu, kadi inarudishwa kwao na hakuna wa kulaumiwa. Leo ilikuwa siku ya tatu, na nyumba ya Fundi Yao, baba yake Suqiu, ilikuwa imetulia kama kaburi. Ndipo Suqiu alipoamua kuzisaidia mbingu.

Mama yake alikuwa tayari amepiga magoti, anazoa vipande na kuvitia kwenye aproni.

"Mama, umeona mwenyewe. Limevunjika."

"Nimeona nini? Macho yangu mabovu."

"Limo kwenye aproni yako!"

"Lilikuwa na ufa tangu niolewe. Lilishavunjika zamani, leo limemaliza tu." Mama alifunga pindo la aproni fundo, akasimama. "Na wewe shusha sauti. Ugomvi nao unahesabiwa."

"Basi tugombane."

"Sigombani na mtu mimi."

"Mama, simtaki Fei Jiabao."

"Ana kasoro gani? Si mlevi, hachezi kamari, meno yote anayo. Wali wa nyumba ile ni mweupe mwaka mzima. Wewe unataka nini, Suqiu?"

"Nataka niulizwe."

Mama alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kuulizwa! Mimi niliulizwa? Nililetwa hapa nimefunikwa kitambaa chekundu mpaka kidevuni. Kilipoinuliwa nikamwona baba yako. Nikasema moyoni, haya, angalau ana masikio mazuri."

"Na kama yangekuwa mabaya?"

"Ningeyazoea." Alisema hivyo bila kumtazama bintiye. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu."

"Basi nivunjike guu langu mwenyewe. Si la kuazimwa."

Mama alimkata jicho, akatoka na aproni yake nzito. Vipande viligongana tumboni mwake kila alipopiga hatua.

*

Mji ule ulikuwa wa brashi za kuandikia. Kuanzia daraja la juu hadi daraja la chini, kila nyumba iliyoupa mfereji mgongo ilikuwa na mwanamke aliyeinamia beseni, anachambua manyoya ya mbuzi majini kwa kitana cha mfupa, unywele mmoja mmoja, mpaka ncha zote zilingane. Wanawake walifanya kazi ya maji. Kazi kavu, ya kuunga kwenye mwanzi na kuchonga ncha, ilikuwa ya wanaume. Suqiu alianza beseni akiwa hajaota meno ya pili. Brashi zake zilipanda meli ya moshi zikafika Shanghai, zikaandika barua, mikataba, na mashairi ya watu asiowajua. Yeye mwenyewe, hadi vuli iliyopita, hakuwahi kuandika hata mkwaruzo.

Wanaume walikaa chumba cha mbele penye mwanga, wanawake chumba cha nyuma penye maji. Katikati palikuwa na dirisha dogo la kupitishia vichwa vya brashi. Kwa dirisha hilo Suqiu alimjua Pang Yiheng, kwanza vidole vyake, kisha sauti yake, mwisho macho yake. Yiheng alikuwa mwanafunzi mkubwa wa baba yake, yatima aliyeletwa pale akiwa mtoto, na sasa hapakuwa na mchongaji wa kumzidi mtaa mzima. Hakuwa msemaji. Lakini siku moja alipokea kichwa cha brashi dirishani, akakigusisha shavuni, akasema, "Hiki ni chako. Vyako navijua hata nikifumbwa macho." Suqiu alirudi kwenye beseni lake na maji yalikuwa ya baridi kali, lakini yeye aliona moto.

Vuli ile alikwenda ngazi za mfereji kuosha vitana, akamkuta Yiheng amechuchumaa mbele ya bamba la jiwe la kijivu, anajaribu brashi mpya kwa maji.

"Unaandika nini, Kaka Yiheng?"

"Siandiki. Naipima tu. Maji hayaandiki."

"Yameandika. Naona."

Yiheng aliona haya, akataka kufuta kwa mkono. Suqiu akamzuia. "Acha. Niambie, katika herufi zenu zote, ipi mnaitumia sana ninyi wanaume?"

Alifikiri. Kisha akachovya, akaandika herufi ndogo yenye mistari minne. "Labda hii. Ipo kila ukurasa."

"Inasemaje?"

"*Bu*. Hapana."

Suqiu alicheka mpaka akashika tumbo. "Kumbe! Na mmejiwekea wenyewe!"

"Si hivyo. Ni neno la kawaida tu. Nikufundishe jina lako kwanza, ni zuri zaidi."

"Jina langu naitwa kila saa: Suqiu maji, Suqiu kuni. Sijalisahau. Nipe hiyo."

Akampa. Hakumshika mkono, maana mkono wa binti wa fundi si wa kushikwashikwa. Alishika mwanzi wa brashi juu, naye Suqiu akaushika chini, na kati ya mikono yao pakabaki nafasi ya kutosha kidole kimoja. Nafasi ile Suqiu aliihisi mgongoni hadi kisogoni.

"Mstari wa kwanza unalala," Yiheng alisema taratibu. "Kama mti wa kuanikia nguo. Usiusukume, uvute. Sasa wa pili, unashuka kushoto, unakwisha ukiwa mwembamba. Wa tatu unasimama. Hapo ndipo watu hushindwa. Usifikirie kitu kingine."

"Nifikirie nini basi?"

"Mstari."

"Na wa nne?"

"Nukta, kulia. Ikanyage, ngoja kidogo, inua."

Jua liliinywa herufi kabla hawajamaliza kuitazama. Wakaandika nyingine. Na kesho yake nyingine.

"Peke yake haisemi mengi," alimwambia siku nyingine. "Iweke mbele ya kitu. Iweke mbele ya *nakwenda*, imekuwa siendi. Mbele ya *nakula*, sili. Mbele ya *nataka*..."

"Sitaki," Suqiu alimalizia, na neno likampendeza mdomoni kama kitu cha kutafuna. Majira ya baridi yote aliizungusha nyumbani moyoni mwake, akiibandika mbele ya kila alichoambiwa. Kwa mdomo aliendelea kuitikia, ndiyo Baba, ndiyo Mama.

*

Baada ya bakuli, alimkuta Yiheng pale pale kwenye bamba la jiwe. Safari hii hakuwa na brashi. Alikuwa amekaa tu.

"Mshenga anakuja leo saa ya chai," Suqiu alisema.

"Nimesikia."

"Na?"

"Na nini, Suqiu?"

"Usiniulize *na nini*. Nakuuliza wewe."

Yiheng alitazama maji. Mashua iliyosheheni majani ya mforosadi ilikuwa ikipita, na mwenye mashua akawapungia mkono. Hakuna aliyempungia.

"Bwana Fundi alinichukua sina hata viatu," Yiheng alisema hatimaye. "Nimekula wali wake mpaka nikawa mtu. Nimwendee leo nimwambie namtaka bintiye? Ni kama mbwa kumng'ata aliyemlisha."

"Kwa hiyo wewe ni mbwa?"

"Suqiu!"

"Nauliza tu. Nijue nampenda nini."

Lilitoka bila kubisha hodi. Wote wawili wakalisikia. Yiheng alinyanyuka nusu, akakaa tena, uso umemwiva hadi masikioni. Kwa muda macho yake yalisema yote ambayo mdomo wake ulikuwa ukiyameza tangu vuli, na Suqiu akayanywa macho yale bila aibu. Akangoja mdomo nao ufuate.

"Labda ni majaliwa yetu," mdomo ulisema.

"Majaliwa!" Suqiu aliona machozi yanapanda, akayarudisha kwa hasira. "Sikiliza, Kaka Yiheng. Ulinifundisha herufi moja, nami nimeijua. Wewe unaiandika kuliko mtu yeyote mtaa huu. Lakini hujawahi kuitumia. Hata mara moja. Ukiambiwa kaa, unakaa. Ukiambiwa Suqiu anaolewa na duka la karatasi, unasema majaliwa."

"Wewe hujui mwanamume asiye na kwao anavyo..."

"Sijui. Na wewe hujui msichana mwenye kwao." Aligeuka. "Kanywe chai. Leo itakuwa tamu."

*

Chai ilikuwa tamu kweli. Kwa wageni wa kawaida mji ule hutoa chai ya chumvi yenye maharage yaliyokaushwa kwa moshi. Lakini Mama Suqiu alitoa vikombe vya sukari na ukoko wa wali, chai ya posa, na Shangazi Jiao, mshenga, alipoonja tu akafumba macho kwa raha.

"Ukoko mwembamba hivi! Mama Suqiu, nyumba yenye mkono huu haiwezi kuzaa binti mbaya. Au sivyo, Mzee Fei?"

Mzee Fei, baba wa kijana, aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Alikuwa mtu mkavu, mwenye kucha safi. "Siku tatu zimepita salama?"

"Salama salimini," Mama Suqiu alijibu, akaangalia sakafu.

Fundi Yao alikaa kiti cha kulia, amevaa joho lake la sikukuu. Mbele yake palikuwa na jiwe la wino, kadi ya Jiabao iliyotolewa jikoni, na kadi ya jibu, nyekundu, tupu. Mlangoni walijazana wanafunzi wa kazi, Yiheng nyuma yao wote, wakingoja kupiga kelele za pongezi na kugawiwa peremende. Ilibaki herufi moja tu, ile ya kuridhia, ya mkono wa baba. Baada ya hapo binti ni wa watu.

Jibu la posa huandikwa kwa brashi isiyowahi kuonja wino. Na brashi mpya, mtu yeyote wa mji ule atakwambia, ni kama mtoto aliyenuna: ncha yake imegandishwa kwa gundi isiharibike safarini, na lazima ilowekwe maji ya vuguvugu, ipapaswe polepole mpaka ilegee. Ni kazi ya maji. Kwa hiyo Fundi Yao alichagua brashi yake bora, na bila hata kugeuza shingo akainyoosha pembeni.

"Suqiu. Kaifungue."

Akaipokea. Alikaa jikoni, bakuli la maji mapajani, akaibonyeza ncha kwa vidole viwili. Aliyatambua manyoya. Alikuwa ameyachambua mwenyewe mwezi wa baridi kali, vidole vimepasuka. Na ile ncha, jinsi ilivyokusanyika kama kichipukizi cha yungiyungi, ilichongwa na mkono mmoja tu. Gundi ilianza kuachia. Sebuleni walikuwa wakicheka. Akasikia baba yake akisema, "Binti yangu ni mpole. Hajawahi kunirudishia neno."

Ni kweli, Suqiu aliwaza. Hilo ndilo kosa langu, na leo linakwisha.

Aliingia na brashi kwenye sinia. Akaiweka sinia mezani, akaichukua brashi, akaichovya kwenye wino na kuipangusa ukingoni mwa jiwe. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa hakuna aliyeona ajabu. Binti anamtayarishia baba yake brashi. Hata alipoinamia ile kadi, Fundi Yao alidhani anaondoa vumbi. Katika maisha yake yote hakuwahi kufikiri, hata kwa ndoto, kwamba mkono ule unaweza kuandika.

Unalala. Unashuka kushoto. Unasimama. Nukta.

"Aaa!" Shangazi Jiao alipiga makofi. Yeye hakujua kusoma. "Na kuandika anajua! Mzee Fei, umepata mkwe na karani! Hongereni, hongereni sana! Enyi vijana, mbona kimya? Pigeni kelele!"

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee Fei aliweka kikombe chini taratibu.

"Bwana Yao. Hii ni nini?"

"Ni jibu, Mzee," Suqiu alisema. Sauti yake ilitoka nzima, hata yeye ikamshangaza. "Mwanao sina ugomvi naye. Lakini simtaki."

Shangazi Jiao alishika kifua. "Kaandika nini? Mungu wangu, kaandika nini?"

"Kaandika hapana," mmoja wa wanafunzi alinong'ona, na minong'ono ikakimbia mlangoni kama panya.

Fundi Yao alisimama. Rangi ilikuwa imemtoka. "Nani amekufundisha?"

"Mkono ni wangu, Baba."

"Nimeuliza nani!"

"Na mimi nimejibu."

Alijua akilitaja jina, mwenye jina atalala nje. Akauma meno. Ndipo watu wa mlangoni wakasogea upande huu na upande ule, na Yiheng akapita katikati yao.

"Ni mimi, Bwana Fundi."

Fundi Yao alimtazama kijana aliyemlea, na uso wake haukuwa wa hasira tu. Ulikuwa na maumivu.

"Tusiharakishe," Shangazi Jiao aliingilia, akili yake ikikimbia. "Tusiharakishe, jamani! Kijana kamchochea msichana, mzaha wa watoto, basi. Kadi ichanwe, iandikwe nyingine. Mzee Fei ni mtu mzima, ataelewa. Au sivyo?"

Mzee Fei hakusema ndiyo, hakusema hapana. Fundi Yao akaidaka nafasi ile.

"Yiheng. Sema ulimwambia wewe aandike. Sema ni ujinga wako, uombe radhi, na kesho urudi kwenye kiti chako. Sitalizungumza tena."

Suqiu hakumtazama Yiheng. Alitazama kadi. Moyoni alishaisikia ile *ndiyo, Bwana Fundi*, alikuwa ameisikia maelfu ya mara kupitia dirisha dogo.

"Hapana, Bwana Fundi."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa imesimama.

"Unasemaje?"

"Nasema hapana. Nilimfundisha kuandika. Sikumwambia aandike leo. Jibu ni lake, na nikisema ni langu nitakuwa nimemwibia."

Fundi Yao aliinyakua kadi. Wote walidhani ataichana. Lakini mtu ni kazi yake. Macho ya fundi yalitangulia hasira ya baba, akaielekeza herufi kwenye mwanga. Akaitazama kwa muda. Kisha akacheka kwa uchungu.

"Mstari wa tatu umetetemeka. Angalieni wenyewe. Huku si kukataa, ni kuogopa. Mtoto hajui anachotaka." Akavuta kadi nyingine nyekundu kutoka mkononi mwa mshenga, akaitupa mezani. "Andika tena. Hapa, mbele ya kila mtu. Ukitetemeka, nitaandika mimi, na hutafungua mdomo wako tena juu ya jambo hili."

"Na nisipotetemeka?"

"Andika!"

"Nisipotetemeka, Baba?"

Mama Suqiu, aliyekuwa amesimama na birika muda wote ule, akafungua mdomo. "Asipotetemeka, Baba Suqiu, litakuwa jibu. Wewe ndiye uliyesema."

Fundi Yao aligeuka akamtazama mkewe kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza.

Suqiu alichovya. Mlalo aliuvuta kwa pumzi moja. Wa kushoto ulishuka ukakonda, ukaisha pale ulipotaka kuishia. Akainua mkono. Watu wote walikuwa wameacha kupumua, na jasho lilikuwa likimtambaa kwenye nyusi, karibu na jicho, nalo jicho likaanza kuwasha. Alikuwa na baba upande mmoja na mpenzi upande wa pili, na mji mzima ungekuwa na habari kabla ya chakula cha jioni. Usifikirie kitu kingine. Hakufikiria baba, wala mpenzi, wala mji. Aliushusha mstari wa tatu polepole, bila haraka yoyote, kama mwenye nyumba anayesimamisha nguzo yake. Ukasimama. Akaikanyaga nukta, akangoja, akainua.

Akaigeuza kadi kumwelekea baba yake, akaisukuma kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Fundi Yao aliitazama hadi wino ukapoteza mng'ao. Alitafuta kosa, na kila mtu aliona anavyolitafuta.

"Mzee Fei," alisema mwishowe, sauti imekauka. "Chukua jibu lako."

Mzee Fei alisimama, akaitia kadi ya mwanawe kifuani. Ile nyingine hakuigusa. "Mwanangu hatakosa mke," alisema mlangoni.

"Hatakosa, Mzee," Suqiu alijibu, "na ninamwombea aje anayemtaka."

"Na paja langu la nguruwe, ujira wa mshenga?" Shangazi Jiao alilalama huku akivuta viatu vyake. "Ndoa yenye paja zima la nguruwe, jamani! Imekufa hivi hivi kwa matone manne ya wino!"

Walipoondoka, Fundi Yao hakumtazama binti yake. "Pang Yiheng," alisema akiutazama ukuta, "kusanya vitu vyako. Jua lisizame ukiwa hapa." Akaichukua ile brashi, akaenda nayo penye maji, akaanza kuiosha mwenyewe. Mama Suqiu alivuta kiti cha wageni, akakaa, akajimiminia kikombe cha chai tamu, akakinywa chote.

*

Yiheng alikuwa na furushi moja tu. Suqiu alimkuta ngazi za mfereji, anatazama kule meli inakotokea.

"Twende," Yiheng alisema kabla hajafika. Alikuwa mtu mwingine. Macho yalimwaka, maneno yalimtoka kwa fujo. "Meli ya moshi inapita asubuhi. Nina mwenzangu Shanghai, kwenye duka la brashi, atatupokea. Tupite huku chini, hakuna atakayetuona. Suqiu, nimekaa kimya mpaka nimeoza. Sitaki kukaa kimya tena. Nakupenda. Twende."

Alinyoosha mkono, na Suqiu akaushika. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na mwanzi kati yao. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa kisu cha kuchongea na kilikuwa na joto, na kila kiungo cha Suqiu kilisema, nenda. Alifumba macho, akakaa ndani ya joto lile kidogo. Kisha akayafumbua.

"Sitaki," alisema.

Yiheng aliduwaa. "Hunitaki?"

"Wewe nakutaka mpaka naumwa. Kutoroka ndiko sitaki. Nimesimama mbele ya watu nikasema simtaki Fei Jiabao, halafu nikaondoke na wewe kwa ngazi za nyuma kama paka aliyeiba samaki? Watasema nilikataa kwa sababu nilikuwa nimeshikwa na mwanamume. Jibu langu litakuwa limekufa."

"Nifanye nini basi?"

"Nenda Shanghai. Fanya kazi. Kisha tafuta mshenga. Mchukue hata Shangazi Jiao, ana njaa ya paja. Uje mchana, mlango wa mbele, na kadi yako ikae jikoni kwetu siku tatu kama za watu wengine."

"Bwana Fundi ataitia motoni."

"Utaleta nyingine."

"Na akikataa, Suqiu? Akikataa kila mara?"

"Leo ulikuwa wapi wewe? Kwani atajibu yeye?"

Yiheng alimtazama. Tabasamu lilianza polepole pembeni mwa mdomo, likaenea. "Na wewe utajibu nini?"

"Uje uulize."

Alimshika mikono yote miwili, akaibana kifuani pake, akaiachia. Akatupa furushi begani. Suqiu alidhani atashuka ngazi, afuate njia ya maji ambayo vibarua hupita wakifukuzwa, ili watu wasimwone.

Yiheng hakushuka. Alipanda. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akapita chumba cha mabeseni ambako wanawake waliinua vichwa, akapita chumba cha wachongaji ambako visu vilisimama, akatokea sebuleni. Fundi Yao bado alikuwa ameinamia bakuli la maji, anaikusanya ncha ya brashi kwa vidole. Suqiu alimfuata Yiheng hadi kwenye pazia, akasimama.

Yiheng aliinama mpaka mgongo ukalala. "Ahsante kwa wali, Bwana Fundi. Nitarudi. Mchana, kwa mlango huu."

Fundi Yao hakuinua uso. "Utakuta umefungwa."

"Basi nitagonga," Yiheng alisema, akavuta komeo, akautupa mlango wa mbele wazi kabisa, akatoka mtaani, jua likiwa bado juu na majirani wote wamekaa vizingitini.